Mhariri, ukungu wa picha haufanani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyosema kwamba huu mjadala wa ubora wa ukungu kwenye picha, ule unaokaa nyuma ya mtu aliyepigwa, ni hadithi ya wauza lenzi. Mwandishi wenu anasema kwa uhakika kabisa kwamba ukungu ni ukungu tu, kwamba mtazamaji anaangalia uso wala hana habari na kilicho nyuma, na kwamba siku hizi hata simu inautengeneza ukiigusa mara moja. Mimi kazi yangu ni kupiga watu picha: maharusi, wahitimu, wazungumzaji wa mikutano, familia zinazotaka picha ya kutundika ukutani. Ukungu huo ndio unaojaza zaidi ya nusu ya picha ninazokabidhi. Naomba nafasi nimjibu, na nikishamaliza naye nina neno na chumba chenu cha habari pia.

Mwandishi wenu amepatia nusu, na nusu hiyo nampa bila kinyongo. Kuna ushabiki wa wingi. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii, swali la kwanza wanaloulizana ni lenzi yako inafunguka hadi ngapi. Hilo hupimwa kwa namba ya f: namba ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa na ukungu ni mwingi. Mwenye f/1.8 anamwonea wivu mwenye f/1.4, na mwenye f/1.4 haoni usingizi kwa sababu ya f/1.2. Wakishaipata, hawaifungi tena maisha. Matokeo yake tunayaona: bibi harusi jicho moja limekaa sawa, la pili limeshaanza kuyeyuka, na hereni haijulikani kama ni hereni au ni tone la maji. Kwa lenzi ya milimita 85 (huo ndio urefu wa fokasi, namba inayoandikwa juu ya lenzi) iliyofunguliwa hadi f/1.2 kwenye kamera yenye kihisi, kile kibao kinachopokea picha, cha milimita 36 kwa 24, ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu itakayokaa ndani ya fokasi ni kama sentimita 2. Kutoka jichoni hadi sikioni ni mbali zaidi ya hapo. Mtu akigeuza shingo kidogo tu umempoteza. Hapo kweli ukungu umegeuka kuwa maonyesho ya bei ya lenzi, na mwandishi wenu akicheka, nacheka naye.

Lakini huo ni wingi. Ubora ni jambo jingine, na kosa la makala ile ni kuvichanganya vitu hivi viwili kisha kuvitupa pamoja.

Wingi unahesabika, hauhitaji ubishi. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ugawe kwa namba ya f, unapata upana wa tundu linalopitisha mwanga. Milimita 85 kwa 1.8 ni milimita 47. Milimita 50 kwa 1.8 ni 28. Sasa kama nyuma ya mtu kuna taa iliyo mbali sana, kwenye picha taa hiyo itaonekana kama duara lenye upana uleule wa tundu, ukilipima kwa vipimo vya pale aliposimama mtu. Yaani lenzi ya 85 itachora duara la milimita 47, kubwa kuliko jicho lake. Kamera kuu ya simu ina lenzi ya milimita 6 au 7 hivi, kwa hiyo hata ikiandikwa f/1.8 tundu lake halifiki milimita 4. Ndiyo maana simu haiwezi kutoa ukungu wa maana kwa lenzi peke yake, labda usogee karibu mno na unachokipiga. Haya ni mambo ya rula na kikokotoo.

Rula haitakuambia duara hilo lina sura gani ndani yake. Hapo ndipo lenzi mbili zenye namba zilezile, milimita 85 na f/1.8, zinapoachana.

Chukua duara moja tu. Pigia taa ndogo usiku ikiwa nje ya fokasi, kisha ikuze picha kwenye kompyuta mpaka duara lijae kioo. Kwenye lenzi moja utakuta mwanga umesambaa sawasawa, au umejaa katikati na kupungua taratibu kuelekea pembeni mpaka huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi duara limeishia. Kwenye lenzi nyingine utakuta katikati ni hafifu na ukingoni pamezungushwa mstari mkali wa mwanga, kama mtu amelichora kwa kalamu. Pengine mstari huo una ukijani kwa mbali kama taa iko nyuma ya fokasi, au uzambarau kama iko mbele. Na kama lenzi ina kioo cha umbo changamano kilichotengenezwa kwa kukandamizwa kwenye kalibu, unaweza kukuta ndani ya duara kuna pete nyembamba nyembamba, moja ndani ya nyingine, mithili ya kitunguu kilichokatwa. Hizo ni alama za kalibu yenyewe. Mashine iliyoichonga iliacha mikwaruzo midogo ya mviringo, kioo kikairithi, na picha yako ikairithi kutoka kwa kioo.

Ule mstari mkali wa ukingoni ndio wenye madhara zaidi, na chanzo chake kinajulikana. Mwanga unaopita pembeni mwa lenzi na ule unaopita katikati haukusanyiki mahali pamoja. Mtengenezaji anaweza kulirekebisha hilo kidogo, sawasawa, au kupita kiasi. Akilirekebisha kupita kiasi, vitu vilivyo nyuma ya fokasi vinapata maduara yenye kingo kali. Akiliacha kidogo bila kurekebisha, nyuma panalainika, ila ukali unahamia mbele ya fokasi. Hasara haikwepeki, inahamishwa tu, na kwa kuwa sisi tunaopiga watu mara nyingi tuna vitu nyuma ya mtu kuliko mbele yake, tunajua tunataka ihamishiwe upande gani.

Msomaji atasema: taa usiku ni jambo la mapambo, nani anajali kingo za duara? Basi badala ya taa, weka tawi kavu. Kila nukta ya tawi hilo nayo inakuwa duara, na maduara yanapangana kufuata mstari wa tawi. Kama duara lina kingo laini, tawi linakuwa mkanda mmoja uliofifia. Kama duara lina kingo kali, kingo za upande huu zinaungana na kuwa mstari, za upande ule nazo zinaungana na kuwa mstari, na tawi moja linageuka kuwa matawi mawili yanayokwenda sambamba. Nyasi kavu, nyaya, majani membamba yenye jua nyuma yake, kitambaa chenye mistari, viti vya ukumbini vilivyopangwa: vyote vinafanya hivyo. Utakuwa umetaka kupunguza vitu nyuma ya mtu, kumbe umeviongeza maradufu.

Niliwahi kupiga hafla ya nje, mzungumzaji amesimama mbele ya miti, jua linapenya majani. Hapakuwa na namna ya kumhamisha; jukwaa limeshajengwa, watu wameshaketi. Nilikuwa na lenzi mbili za urefu uleule, moja kwenye kila kamera, kwa sababu nilitaka kuamua nibaki na ipi. Baadaye nilimwonyesha aliyenipa kazi picha mbili zilizofanana kila kitu: uso uleule, mkono uleule hewani, mwanga uleule. Mama yule hajui f ni nini na wala hakutaka kujua. Aliziangalia, akaweka kidole kwenye moja akasema, "Hii imetulia." Nikamuuliza ya pili ina nini. Akasema, "Sijui, ina fujo kichwani." Kichwani kwa mzungumzaji palikuwa sawa kabisa, fujo ilikuwa kwenye matawi yaliyo nyuma yake, kila moja limekuwa mawili, yanamchoma masikio. Mwandishi wenu anasema mtazamaji haangalii nyuma. Ni kweli, haangalii. Lakini jicho lake linavutwa huko bila ridhaa yake, linarudi usoni, linavutwa tena, na mwisho anakuambia picha ina fujo. Hilo ndilo mimi naita ubora wa ukungu, na mama yule aliupima vizuri kuliko majaribio mengi ya lenzi niliyosoma.

Sasa kuhusu hii kuwa hadithi ya wauzaji. Wauzaji wana hadithi nyingi, sikatai, na kila lenzi mpya ikitoka tunaambiwa ina ukungu wa "siagi". Ila hadithi ya mauzo kwa kawaida haimgharimu mwenye kuisimulia. Hapa kuna watu waliokubali kugharamika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nikon walitoa lenzi mbili za f/2, moja ya milimita 135 na nyingine ya 105, zenye pete ya ziada ambayo mpiga picha anaizungusha kuchagua ulaini auweke nyuma ya fokasi au mbele yake. Lile nililolieleza juu la kuhamisha hasara, wao walikukabidhi mkononi. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo Minolta wakatoa lenzi ya milimita 135 ambayo ndani yake kuna kioo kinachozidi kuwa cheusi kadiri unavyotoka katikati kwenda pembeni, ili kila duara la ukungu liishe taratibu bila ukingo. Kwa tundu lake ni f/2.8, lakini mwanga unaopita ni sawa na wa f/4.5, yaani chini ya nusu. Na fokasi yake ni ya mkono tu. Mtengenezaji gani anakata zaidi ya nusu ya mwanga wa lenzi yake na kuwanyima wateja fokasi ya kujiendesha kwa ajili ya kitu ambacho hakipo? Fujifilm walifuata njia hiyo mwaka 2014 kwa lenzi yao ya milimita 56, na Canon mwaka 2019 kwa moja ya lenzi zao za milimita 85 za f/1.2, wao wakitumia mipako juu ya kioo. Lenzi hizi si za kila mtu na mimi mwenyewe sina hata moja. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba wahandisi wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi kama tatizo la kioo na mwanga.

Hapa lakini nisije nikaonekana nasema kuna ngazi moja, chini ukungu mbaya, juu ukungu mzuri, panda kadiri ya mfuko wako. Haiko hivyo. Lenzi aliyoibuni Joseph Petzval mwaka 1840 kwa ajili ya picha za watu inazungusha ukungu kandokando ya picha kama upepo, na kwa kipimo cha vitabu hiyo ni kasoro. Helios 44 ya Kisovieti, milimita 58 f/2, iliyotokana na Biotar, lenzi ya Wajerumani wa Zeiss, nayo inazungusha vilevile, na leo kuna watu wanaitafuta kwa sababu hiyo tu. Lenzi ya Kijerumani iitwayo Trioplan, ya milimita 100, inatoa maduara yenye ukingo mkali kuliko karibu zote nilizozishika, yaani ule ubaya wenyewe niliokuwa naulaani aya chache zilizopita, na wanaopiga maua yenye umande wanaiabudu kwa sababu maduara yake ni kama mapovu ya sabuni. Hawajakosea. Umande unataka mapovu. Mzungumzaji mbele ya matawi hayataki. Ukungu una tabia, na kazi ya mpiga picha ni kuijua tabia ya lenzi yake kabla haijamuumbua. Pekee ambayo sijawahi kuipatia kazi kwa mtu ni zile lenzi za vioo vya kuakisi, za milimita 500 f/8, ambazo kila nukta ya nyuma inakuwa pete yenye tundu katikati. Wengine wanazipenda. Mimi macho yananiuma.

Nirudi kwenye jambo ambalo makala ile ingelisema ningeikata na kuiweka studioni: tabia ya lenzi haionekani sawa kila mahali. Ikiwa nyuma ya mtu ni mbali sana, kila kitu kimeyeyuka, na lenzi ya bei ya chini na ya bei ya juu zinakaribia kufanana. Nakuapia kuna picha huwezi kuzitofautisha. Ikiwa nyuma ni karibu sana, hakuna ukungu wa kujadili. Balaa linakaa katikati, pale ambapo kitu kiko nyuma ya mtu kidogo, kimefifia nusu, bado unakitambua. Hapo ndipo kingo kali zinapojitokeza, mistari inapozaa mapacha, rangi ya kijani inapojipaka. Na bahati mbaya hafla nyingi za watu zinafanyika hapohapo katikati: ukuta wenye mapambo hatua moja nyuma ya maharusi, uzio wa maua nyuma ya wahitimu, safu ya pili ya viti nyuma ya ya kwanza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si kununua. Ni kusogeza. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye kamera na uzio uko mita 3, ukungu unaoupata ni theluthi moja ya ule ambao lenzi inaweza kutoa. Mlete mbele mtu huyo pamoja na kamera yako, mpaka uzio uwe mita 8 kutoka kwako, unapata robo tatu. Kwa lenzi ile ya 85 f/1.8 umetoka kwenye duara la milimita 16 hadi la milimita 35, zaidi ya mara mbili, bila kubadilisha chochote mkononi. Hatua chache tu na umekwishatoka kwenye lile eneo la balaa. Kuna siku hatua moja ya kushoto inatosha kuliondoa tawi lenyewe. Kijana anayefanya kazi nami namkataza kugusa namba ya f kabla hajagusa miguu yake.

Dawa ya pili ni kufunga lenzi kidogo, na hii ina mashaka yake. Ukitoka f/1.8 kwenda f/2.8, lenzi nyingi zinatulia: ukali wa kingo unapungua, na yale maduara ya pembeni ya picha yaliyokuwa yamebanwa kama jicho la paka yanarudi kuwa mviringo. Kubanwa huko, kwa wasiojua, kunatokana na mwili wa lenzi kuukata mwanga unaoingia kwa mshazari. Ukiichungulia lenzi kwa pembeni utaona tundu lake si la mviringo tena. Lakini ukifunga, vile vipande vyembamba vinavyoliziba tundu vinaingia kazini, na kama viko vitano na vimenyooka, kila taa nyuma ya bibi harusi inakuwa na pembe tano. Lenzi zenye vipande vingi vilivyopinda zinaivumilia hatua hiyo vizuri. Mbona hata hili linaonekana kwa macho bila kusoma makala yoyote: fungua lenzi, funga kidogo, piga taa ileile, linganisha. Dakika tano.

Naja kwenye simu. Mwandishi wenu ameipa aya mbili za sifa, na sitaibeza, maana kilichofanyika ni kikubwa. Apple waliingiza picha za namna hii kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016 kwa kutumia kamera mbili, na mwaka uliofuata Google wakafanya hivyo kwenye Pixel 2 kwa kamera moja tu ya nyuma. Simu inakadiria umbali wa kila sehemu ya picha, inamkata mtu, na kutia ukungu vilivyobaki. Ikikadiria sawa, kwenye kioo kidogo, hata mimi nadanganyika. Ikikosea, inakosea mahali palepale kila siku: nywele zilizosimama zinanyolewa, mkono wa miwani unakatika kabla ya kufika sikioni, na ule uwazi kati ya kiwiko na kiuno unabaki na ukuta uliokolea wakati ukuta wote uliobaki umefifia. Mwandishi wenu asinichukie, lakini picha yake mwenyewe iliyo juu ya makala ile ni ya namna hiyo. Miwani yake imekatika upande wa kulia, na nusu ya kola imekwenda na ukungu ingawa iko shingoni kwake.

Makosa hayo yanapungua mwaka hadi mwaka na sina shaka yataisha. Lisiloisha ni hili: simu inachagua ukungu wake. Programu inaweza kuchora duara lolote, na kwa kawaida imechagua duara safi, lisilo na ukingo, lisilo na rangi, lililo sawa katikati na pembeni. Mara nyingi hata mwanga wake unapooza, kwa sababu taa ikishaungua na kuwa nyeupe tupu kwenye picha, programu haijui ilikuwa na nguvu kiasi gani, hivyo inapousambaza weupe ule inapata kijivu pale ambapo lenzi ingetoa duara linalowaka. Zingatia hapo: wahandisi wa simu walipopewa uhuru wa kuchora ukungu wowote wautakao, hawakuona kwamba ukungu ni ukungu tu. Walikaa wakachagua tabia. Hoja ya simu aliyoileta mwandishi wenu inasimama upande wangu.

Ubishi wenyewe ni wa zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1889 mpiga picha Mwingereza P. H. Emerson aliandika kwamba picha ifuate jicho, jambo moja liwe wazi na mengine yalegee, na akapata maadui wa kutosha. Mwaka 1932 huko San Francisco, wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao wakajiita f/64, kwa jina la tundu dogo kabisa, wakitaka kila jani na kila jiwe lionekane. Nawaheshimu wote wawili. Hata hivyo hakuna upande uliosema kwamba kilicho nje ya fokasi hakina uzito. Wa f/64 walikiona kizito kiasi cha kukifukuza kabisa.

Sasa neno langu kwenu, Ndugu Mhariri, na hili ni zito kuliko matawi na maduara. Siku hizi naona kwenye kurasa zenu za habari, siyo za burudani, picha zenye ukungu wa simu. Kiongozi anahutubia, na nyuma yake watu wamefutwa. Mtu anahojiwa mbele ya nyumba iliyobomoka, na nyumba ndiyo iliyofifia. Juzi mlikuwa na picha ya mkutano ambapo kipaza sauti kimeliwa nusu, na bega la mtu aliyesimama ubavuni kwa mzungumzaji, hatua ileile, umbali uleule, limetiwa ukungu wakati la mzungumzaji liko wazi. Lenzi haiwezi kufanya hivyo. Lenzi inafifisha kwa umbali, haijui nani ni mheshimiwa na nani ni mpambe. Programu imeamua nani abaki, na ninyi mmechapisha uamuzi wake kama habari.

Wenzenu wamelitazama hili. Shirika la habari la Associated Press, kwenye miongozo yake ya picha, linakataza kutia ukungu nyuma ya picha kwa njia ya kidijitali. Halikatazi lenzi ya f/1.8. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiomba kwenu: mpiga picha wenu akitumia lenzi iliyofunguka, hiyo ni picha, na kama ukungu wake una fujo tutamlaumu kwa jicho lake. Akitumia kitufe cha simu kwenye picha ya habari, irudisheni. Simu nyingi zinahifadhi picha ya asili pamoja na ile iliyotiwa ukungu, kwa hiyo hata ikishafika mezani kwenu bado mwenyewe anaweza kuifungua na kuuondoa ukungu huo kabla hamjachapa. Na zile za kurasa za watu na mitindo ambazo mmeamua kuziacha zilivyo, andikeni chini yake, kwa herufi ndogo mnazoandikia jina la mpiga picha, kwamba ukungu umetiwa kwa programu. Nafasi ipo, nimepima.

Mwandishi wenu naye akitaka, aje na lenzi yoyote aliyo nayo. Nitampa ya kwangu ya urefu uleule, tutasimama mbele ya matawi makavu saa ya jua la jioni, tutapigana picha kwa zamu, kisha picha hizo mbili mzichapishe bila maelezo na muwaulize wasomaji ni ipi imetulia.

Wenu,
Mpiga picha wa hafla na studio, msomaji wenu wa siku nyingi